Godauni la Karanga na Moshi wa Betri

Wadogo zangu mnaobaki kliniki, mliniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi. Nimekubali, ila nawaambieni mapema kwamba sitaandika lini nilipandishwa daraja wala nani alinipa cheti, maana hayo hayakumponya mtu. Na kama mlitarajia bibi mpole anayewakumbuka watoto aliowapokea huku akitabasamu, mtafuteni mwingine. Mimi nina hasira. Nimekaa nayo miaka mingi, nami nimezeeka lakini yenyewe haijazeeka.

Nilishuka Dodoma kwa treni nikitokea kwetu Manyoni, msichana mwenye sanduku la bati na sare mbili zilizopigwa wanga hadi zinasimama zenyewe. Kliniki ya mama na mtoto niliyopangiwa ilikuwa ng'ambo ya reli, upande wa kuelekea Zuzu. Ilikuwa na vyumba viwili, baraza moja, na friji ya chanjo iliyotumia mafuta ya taa na kuzimika kila upepo ulipochachamaa. Na upepo wa Dodoma mnaujua. Sindano tulizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, halafu tukazinoa kwenye jiwe zikianza kuwa butu. Leo mkiambiwa hivyo mnashika midomo. Sisi tulishika sindano.

Aliyenipokea alikuwa Mama Ndahani, mkunga wa miaka mingi, Mgogo wa Mvumi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama sare, kisha akanipa mkeka.

"Tandika pale barazani, ukae."

"Nikae nifanye nini, mama?"

"Utazame."

Siku yangu ya kwanza yote ikaishia mkekani. Akina mama waliokuwa wakisubiri mizani waliwaweka watoto wao pale, nami nikakaa katikati yao kama mtoto mkubwa kupita wenzake. Saa za chakula Mama Ndahani akaja na chai, akauliza, "Yule wa gauni jekundu umemwonaje?"

Nikajibu kwamba uzito wake ulikuwa mzuri.

"Sijakuuliza uzito. Mizani imening'inia pale, itatuambia yenyewe. Nakuuliza umemwonaje yeye."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kazi yangu, baada ya kuwa nimeshamaliza chuo. Mama Ndahani alinifundisha kuangalia kama mtoto anafuata uso wa mama yake kwa macho, kama anageuka akiitwa, kama anahamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Alikuwa na kopo lililotiwa punje za mtama, akilitikisa nyuma ya sikio la mtoto na kungoja. Alikuwa na kijiko cha mbao, akimpa mtoto na kumpokonya. "Asiyenuna ukimpokonya kitu," alisema, "usimsifu upole. Mtazame tena."

Tulikwenda pia vijijini, tukiingia kwenye nyumba za tembe ambamo moshi ulikuwa umepaka dari rangi ya lami. Kwa mama mjamzito swali la kwanza la Mama Ndahani lilikuwa: unapikia wapi? Wauguzi wengine walidhani ni umbea. Yeye alikuwa akiwashawishi waume watoe jiko nje, hata chini ya kibanda cha mabua, mpaka mke ajifungue. Baadhi walitoa. Mmoja alimwambia kwamba mke akipikia nje majirani wataona mboga yake. Mama Ndahani akamjibu kwamba kama anaona haya na mlenda wake, basi aukoroge yeye.

Kisha zikaja zama za ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yakajaa sabuni za kila harufu. Magari ya mitumba yakaongezeka barabarani, na kila aliyekuwa na mtaji kidogo akafungua kitu chake: mashine ya kusaga, baa, duka la dawa. Sikatai, mji ulichangamka. Nilinunua viatu vya ngozi kwa mara ya kwanza bila kupanga foleni. Kliniki nayo ikaambiwa wananchi wachangie huduma, na wale waliokuwa wakihitaji huduma zaidi ndio wakaacha kuja. Lakini hiyo ni hasira nyingine, nayo ina foleni yake.

Magari yakiongezeka, betri mbovu nazo zinaongezeka. Kijana mmoja mtanashati, nitamwita Laurenti, aliliona hilo kabla ya wengine. Alipata kiwanja kando ya reli, akajenga karakana ya mabati, akawa ananunua betri zilizokufa, kuzipasua, na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo kwenye masufuria ya chuma. Ile risasi aliitengeneza vizito vya kuzamishia nyavu, akauza kwa wavuvi wa bwawa la Mtera. Biashara ilimkubali. Tatizo ni kwamba ukuta wa karakana yake ulikuwa ndio huo huo ukuta wa godauni la karanga, na karakana ilikuwa upande upepo unakotokea.

Humo godauni walifanya kazi wanawake wa mtaa wetu wakichambua karanga za mfanyabiashara mmoja: nzuri huku, mbovu kule, ungo magotini. Ilikuwa kazi ya kukaa kivulini. Mwanamke mwenye mimba aliyechoka kulima na kubeba maji aliiona kama neema. Na wale wenzake, kwa huruma, walikuwa wakimwachia mjamzito nafasi ya ukutani aegemeze mgongo. Juu ya nafasi hiyo ndipo yalipokuwa matundu ya hewa.

Miongoni mwao alikuwepo Yudita, ambaye sisi tulimwita Mama Neema. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye ulimi mwepesi, na mumewe alikuwa kibarua wa reli. Binti yao wa kwanza, Neema, nilimpokea kwa mikono yangu kabla karakana haijajengwa. Yule mtoto alianza kusema mapema hata akawa kero. Alikuwa akisimama mlangoni pa kliniki na kutuamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na haondoki mpaka wote waitikie.

Mimba ya pili Yudita aliibeba akiwa godauni, ameegemea ule ukuta, tangu mwanzo hadi uchungu ulipomshika. Alipokuja kupimwa alilalamika kichwa, tumbo kusokota, na choo kuwa kigumu.

"Halafu, sista, mate yangu yana ladha ya kijiko."

"Kijiko cha namna gani?"

"Cha bati. Kama nimelala nacho mdomoni."

Tulicheka wote wawili. Nilimpa vidonge vya kuongeza damu, ndivyo vilivyokuwepo kabatini.

Danieli alizaliwa mdogo na kimya. Alinyonya, alilala, hakusumbua. Wanawake barazani wakamsifu Yudita kwa kupata mtoto mpole baada ya yule kasuku wa kwanza. Miezi ikapita. Neema wakati kama huo alikuwa amekwisha kukaa na kuvuta kila mtu hereni. Danieli ukimweka mkekani alibaki ulivyomweka. Nilitikisa kopo la mtama nyuma ya sikio lake, akageuka kwa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Nikampa kijiko. Nikampokonya. Akauangalia mkono wangu mtupu, basi.

Mama Ndahani alikuwa amesimama nyuma yangu. Jioni, tukiwa tunafunga madirisha, akaniambia, "Huyu si wa kwanza. Wako watulivu wengine. Nimewauliza mama zao wanafanya kazi wapi. Wote karanga."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda godauni. Ndani kulikuwa na ukungu wa rangi ya majivu ukishuka kutoka matunduni, na juu ya karanga kulikuwa na vumbi laini ambalo ukilisugua kwa vidole linang'aa kidogo. Wanawake walikuwa wakiongea na kucheka, wengine wakitafuna karanga. Watatu walikuwa na mimba, wote ukutani. Nilikaa muda mfupi tu, na nilipotoka mate yangu yalikuwa na ladha ya kijiko.

Sikucheka tena.

Tuliingia karakana. Laurenti alitukaribisha vizuri, akaagiza soda. Mama Ndahani alimweleza kwa adabu kwamba moshi wake unaingia kwa wajawazito, akamwomba aongeze bomba liende juu, au ahamie mahali pasipo watu.

"Mama yangu," Laurenti alisema, "leseni ninayo. Nimeajiri vijana waliokuwa wanazurura stesheni. Serikali inasema tujitegemee, nami najitegemea. Moshi upo kila mahali. Hata kwenu kliniki mnawasha mkaa."

"Huu si wa mkaa," nilisema.

"Wewe sista unajua moshi au unajua watoto?"

Mama Ndahani akaiacha soda yake bila kuigusa, tukaondoka. Muda mfupi baadaye alistaafu akarudi Mvumi. Aliniachia lile kopo la mtama na kijiko, na maneno haya: "Usiwaachie watu waseme wanawake hawa hawajui kuzaa."

Nilikwenda kwa Daktari Kileo, daktari wa watoto hospitalini, mtu mkimya aliyekuwa akisikiliza hadi mwisho kabla ya kushika kalamu. Nilipotaja betri, akaiweka kalamu chini. Akanieleza kwamba madini ya risasi yakivutwa huingia kwenye damu ya mama, na kondo la nyuma haliyazuii. Yanapita moja kwa moja hadi kwa mtoto, wakati ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Akasema hata moshi mwingine mzito, wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha, nao haufai kwa aliye tumboni, lakini huu una sumu inayojulikana siku nyingi.

"Kwa hiyo Danieli ni huo moshi?"

"Kwa mtoto mmoja siwezi kuapa, sista. Mtoto anaweza kuchelewa kwa sababu nyingi. Lakini wakitoka watoto wengi namna hii kwenye chumba kimoja, na mimi nikakaa kimya, nitakuwa mpumbavu."

Kupima risasi kwenye damu hakukuwezekana Dodoma. Hata hivyo Daktari Kileo alifuatana nami hadi kwa Bwana Afya, ofisa aliyehusika na usafi na viwanda vidogo. Tulimkuta nyuma ya meza pana yenye kioo juu. Daktari alieleza kila kitu, taratibu, kama alivyonieleza mimi. Bwana Afya akasikiliza huku akijipepea kwa gazeti.

"Daktari, mama zetu wamepika kwa kuni tangu enzi na enzi, na sisi tumetokea na akili zetu. Mna kipimo?"

"Kipimo hakipo hapa. Ndiyo maana tunaomba kazi isimame kwanza, sampuli zipelekwe."

"Nisimamishe mwekezaji mzalendo kwa sababu ya mashaka? Wakati huu? Nitaulizwa mimi." Akanigeukia. "Sista, waelimishe akina mama. Wanywe maziwa. Maziwa yanaondoa sumu."

Daktari akamwambia kwamba maziwa ni chakula kizuri ila hayaondoi risasi kwenye damu ya mtu. Bwana Afya akaandika maziwa.

Wiki hiyo Laurenti akapeleka madumu ya maziwa godauni. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kushuhudia, pakatolewa hotuba, wanawake wakapiga makofi. Walikunywa wakiwa wamekaa pale pale ukutani, chini ya matundu. Nilisimama mlangoni nikaangalia. Wadogo zangu, nimeona watu wakifa mikononi mwangu. Sikuwahi kukasirika kama nilivyokasirika siku ile ya maziwa.

Niliwaambia wanawake waziwazi. Wengine waliamini, wakauliza watakula nini. Swali hilo lilikuwa halali, na sikuwa na jibu la kuweka kwenye sufuria. Yudita alinisikiliza, akamfunika Danieli kanga, akasema, "Sista, umeona wewe, amesema daktari. Ofisa mwenye meza anasema hakuna kitu. Nimwamini nani, na jioni nina watu wa kulisha?" Akarudi kazini.

Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwangu wala kwa daktari.

Siku moja ya kupima uzito, aliingia mwanamke ambaye hatukumzoea, amevaa vizuri, jina lake Salome. Alikuwa ametoka kuhamia tena upande wetu. Mtoto wake wa kiume alikuwa wa umri mmoja na Danieli, na wote wawili waliwekwa mkekani, bega kwa bega. Yule wa Salome alikaa wima, akanyang'anya kijiko changu, akakigonga sakafuni, akapiga kelele za furaha. Nilipokichukua alinuna uso mzima. Danieli alikuwa amelala ubavu akitazama nuru ya mlangoni.

Yudita aliangalia watoto wale wawili kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Mama, wako amechangamka kweli. Ulikuwa unakaa wapi wakati wa mimba?"

"Kwetu Kondoa," Salome alijibu. "Tulikuwa tunaishi hapa hapa, nyuma ya karakana ya mume wangu. Nilipopata ujauzito tu akanihamisha. Alisema ule moshi wa betri si mzuri kwa mtoto aliye tumboni. Nimerudi juzi, ametujengea mbali kidogo, upande wa huku."

Alisema vile bila ubaya wowote, kama mwanamke anayemsifu mumewe kwa kujali. Hakujua anaongea na nani. Wanawake barazani waligeuka wote kumtazama. Salome akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama amekosea kitu.

"Hapana, mama," Yudita alisema. "Hujakosea wewe."

Akamwinua Danieli, akamfunga mgongoni, akaondoka kabla sijampima. Hakwenda nyumbani, alikwenda godauni. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na wengi, nao hawatofautiani. Alisimama katikati ya karanga akawaambia wenzake, kwa Kigogo kisha kwa Kiswahili ili wote waelewe, kwamba mwenye moshi alimhamisha mke wake. Hakueleza madini wala damu. Hilo moja tu. Wanawake wakaweka ungo chini. Waliokuwa na mimba wakatoka kwanza, wengine wakafuata, na karanga za msimu zikabaki sakafuni.

Alasiri Laurenti akafika kliniki, macho mekundu, hakubisha hodi. "Wewe ndiye unayewachochea wanawake!"

"Ulijua," nilimwambia.

"Nini?"

"Ulikaa kwenye meza yako ukatuagizia soda, ukaniuliza kama najua moshi. Nawe mkeo alikuwa Kondoa. Ulijua."

Nilidhani atakana. Hata leo ningependelea kama angekana. Aliangalia chini kidogo, akashusha sauti, akasema, "Sista, kila mtu analinda wa kwake. Wewe hungemlinda wako?"

Nilimtoa nje. Sikumgusa, ila nilikuwa nimeshika ile sufuria ya sindano, na nadhani aliona nilivyokuwa nikiishika.

Mnataka kusikia kwamba haki ilitendeka. Haya, sikilizeni ilivyokuwa. Mwenye karanga, alipoona mzigo wake unaoza na hana wa kuuchambua, alikwenda kwa wakubwa akapiga kelele. Kelele zake zikasikika siku hiyo hiyo, zile zetu zilizokuwa zikisubiri tangu mwaka uliopita hazikusikika. Laurenti akapewa muda wa kuhama. Hakutozwa faini, hakuulizwa swali, hakuna aliyechukua damu ya mtoto hata mmoja. Akaonyeshwa kiwanja kingine nje ya mji. Nilipanda baiskeli nikaenda kukiona. Kulikuwa na nyumba. Kulikuwa na mama anatwanga uwele, tumbo liko mbele. Nilikaa naye, nikamweleza, nikaita na majirani zake. Wakaandamana hadi kwa mtendaji, na karakana haikuwashwa pale. Laurenti akaondoka mkoani kabisa. Alikokwenda sijui. Wanawake wa huko siwajui, na usingizi wangu nimewagawia hao.

Mimi nami nikahamishwa, nikaambiwa Mtera kuna upungufu wa wauguzi. Upungufu ulikuwepo kweli, sitasema uongo. Lakini aliyenikabidhi uhamisho alitabasamu.

Na Mtera nilikuta nini? Wavuvi walikuwa na vile vizito vya risasi kwenye nyavu zao. Wakivunjikiwa wanaviyeyusha upya nyumbani, kwenye kikaango, juu ya mafiga yale yale ambayo mke anasongea ugali. Vile vidogo wanavibana kwa meno. Nililia, halafu nikanawa uso nikaanza upya. Wavuvi wale walinishangaza. Niliwaambia tu kwamba moshi ule unaingia kwa mtoto aliye tumboni na kumchelewesha akili, nikawasimulia habari za Laurenti na mkewe. Mzee wao mmoja akauliza, "Yaani mwenye mali alijua, akatuuzia bila kutuambia?" Nikasema ndiyo. Tangu hapo wakayeyushia mbali, ufukweni, na wanawake hawakukaribia. Watu wasio na ofisi walielewa kwa kikao kimoja. Bwana Afya alikuwa na kiti kinachozunguka.

Niliporudishwa Dodoma baada ya miaka kadhaa, Yudita alikuwa akiuza mboga sokoni, na Danieli alikuwa amefikia umri wa shule na kuupita. Mwaka wa kwanza walimrudisha. Mwaka wa pili walimrudisha. Aliweza kupitisha mkono juu ya kichwa akashika sikio, kama walivyotakiwa wote, lakini akiambiwa ahesabu alitaja namba mbili tatu, kisha akatabasamu. Mwaka wa tatu Yudita aliniomba nimsindikize.

Mwalimu alikuwa kijana, amechoka, darasa limejaa hadi madirishani. Alimpa Danieli chaki, Danieli akaishika vizuri, akaangalia ubao. Mwalimu akangoja kidogo, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, huyu mtoto ni mzito mno. Nyumbani ulikuwa unamlisha nini?"

Nilifungua mdomo kujibu. Yudita akaniwekea mkono begani.

"Mwalimu, nilimlisha sawa na dada yake, na dada yake anaongoza darasa la sita hapa hapa kwako. Usiniulize alikula nini. Niulize mimi nilivuta nini nilipokuwa nimembeba."

Yule kijana angeweza kukasirika. Alivuta kiti, akampa Yudita akae, na yeye akabaki amesimama.

"Ulivuta nini, mama?"

Yudita akamwambia yote, hadi kengele ikalia na watoto wakaingia. Danieli akapokelewa, akakaa dawati la mbele. Mwalimu yule alimwekea muda wake wa peke yake baada ya masomo, na ndiye aliyemkataza mwalimu mwenzake kumpiga fimbo kwa kutojibu. Danieli alifika darasa la nne. Anaandika jina lake, herufi kubwa, kalamu akiibana kama jembe.

Leo ni mtu mzima. Anasukuma mkokoteni wa madumu ya maji, ni mwenye nguvu na adabu, na wateja wanampenda. Akichanganyikiwa njiani husimama tu mpaka apite mtu anayemfahamu amwelekeze. Neema ni mhasibu wa wizara kule Mtumba, anapita asubuhi na gari lake, akimwona mdogo wake anaegesha pembeni wanaongea. Walizaliwa na mama mmoja na baba mmoja, wakala ugali wa sufuria moja.

Juzi nilimtembelea Yudita. Danieli aliingia, akaniamkia, akaweka dumu la maji jikoni, akasimama pale mlangoni akijaribu kukumbuka alichokuwa anataka kusema. Tulimngoja. Yudita hakumharakisha, wala mimi. Aliwaza kwa muda mrefu, uso umekunjamana kwa bidii, kisha akakata tamaa, akatuchekea, akatoka nje kwenye mkokoteni wake.

"Kila siku," Yudita aliniambia, "kuna kitu anataka kuniambia."